Mkono wa Kushoto

Picha ilitoka Webuye saa tatu na robo asubuhi,
mkono wa mtoto wa miaka sita, eksirei moja,
na Khaemba, aliyeipiga, akaniandikia:
Nimetuma. Mbona daktari wa Kisumu hajaiona?

Nilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya Soko la Jubilee,
chai imepoa, feni inalalama,
nikaifungua bahasha ya XML
kama mtu anayepekua mfuko wa mwenzake.
Jina la mgonjwa lipo. Umri upo.
Upande: kushoto.
Kila neno limefunguliwa mlango, likafungiwa mlango.

Kisha, penye picha,
herufi.
A kubwa, q ndogo, saba, alama ya kujumlisha, mkwaju,
herufi milioni kumi na mbili bila nafasi wala nukta,
kama mtu aliyelazimishwa kuisoma mvua kwa sauti.

Ni mimi niliyeamuru hivyo.
Mwaka jana, nikiandika skema huku bosi akitazama saa,
nilisema picha nayo ni maandishi tu, iketi na wenzake.
Basi kila baiti tatu zikavikwa herufi nne.
Megabaiti tisa zikiondoka Webuye
zinaingia Kisumu kumi na mbili,
theluthi nzima ya uvimbe, na bando tunalipa.
Nayo seva huzibugia zote kwa mkupuo
kabla haijajua mtoto anaitwaje.
Leo ilivimbiwa. Ikalala.

Mama yangu, pale Usenge, hakusoma mambo haya.
Nilipokuwa chuoni Nakuru alinitumia omena kwa basi:
barua moja, gunia moja.
Barua ilisema, Mzigo wako una uzi mwekundu, namba kumi na nne.
Basi.
Hakukaa usiku kucha akimwandika samaki mmoja mmoja,
jicho, mkia, chumvi kiasi gani,
ili gunia lipate kuenea kwenye bahasha.
Karani alisoma namba, akainama chini ya kaunta,
na kabla hajainuka
harufu ilikwisha kunitia sahihi.

Nikairudia skema.
Ule uga wa picha nikautua shehena,
nikauweka mshika mzigo mlangoni:
usibebe, jua tu pa kuchukulia.
Ndani ya bahasha pakabaki mstari mmoja,
ipo nje, itafute kwa namba hii.
Nje, picha ikasafiri na ngozi yake, baiti kwa baiti,
na kati ya barua na gunia nikanyoosha mpaka,
kamba ya vistari na tarakimu
ambayo hakuna mfupa utakaoitamka kwa bahati mbaya.

Jaribio la kwanza: bahasha ilifika imependeza,
imenyoosha kidole
pasipo na kitu.

Nusu saa nikikodoa macho.
Kumbe kwenye gunia namba ilivaa mabano ya pembe,
na kwenye barua ilikuwa imeyavua.
Ni sawa na kwenda kanisani kumuulizia Nekesa
wakati pale wanamjua kama Brigita;
yuko mstari wa mbele, anaimba,
nawe unaambiwa hayupo.
Nikayavua mabano. Namba na namba zikatazamana.

Saa sita na dakika kumi, Daktari Adhola alipiga simu,
anatafuna kitu.
Ufa ni mdogo, juu kidogo ya kifundo.
Plasta, wiki nne. Mwambieni asipande mapera.
Sikumuuliza kama picha ilimfikia na uzito wake wote.
Ufa mwembamba kama unywele ameuona,
nami nilikuwa nimeuzika mwaka mzima
kwenye A na q na mkwaju.

Simu ikatetemeka tena. Khaemba:
Kuna nyingine hapa, kifua cha mzee, ni kubwa kuliko ile.
Nitume?

Tuma, nikamjibu,
nikaenda kupasha chai.