Malimau ya Kuazima

Bi Kaarina, dalali, alivua viatu mlangoni,
akapita chumba hadi chumba na soksi zake za kijivu,
kisha akatuambia, bila ukali:
"Nyumba ni nzuri. Sasa watoeni watu."

Tukaanza na baba.
Picha yake na yule samaki wa ziwani
aliyezidi kukua kila alipohadithiwa
ikashuka, ikaacha mraba mweupe ukutani
kama mahali pa saa kwenye mkono uliobabuliwa na jua.
Tukapaka rangi mara mbili.
Mraba ukarudi mara mbili.

Sirpa alifungasha vikombe vyenye pengo,
ambavyo mama alikataa visitupwe:
midomo yetu, alisema, imeshavizoea.
Mimi nikaachiwa mlango wa chumba cha mvuke.
Haukufunguka mpaka uunyanyue kwa goti,
uubembeleze, ndipo usukume.
Miaka arobaini tuliufungua hivyo
tukidhani ndivyo milango ilivyo.
Nikaulaza uani juu ya theluji, nikaupiga randa,
bawaba nikazipaka nta.
Kwa kidole kimoja, ukafunguka
bila hata salamu.

Usiku dalali akaleta bakuli la malimau.
Ya kuazima; Jumatatu yanakwenda
kwenye nyumba nyingine, ng'ambo ya Kuopio.
Mama hakununua limau ila moja kwa mwaka, la samaki wa Pasaka.
Akatia mdalasini kwenye oveni:
harufu ya mkate, na mkate hakuna.
Kizuri chajiuza, husema watu.
Mbona basi hiki tunakipaka poda
hadi saa sita ya usiku?

Jumapili wakaja.
Kijana na futi yake ya chuma.
Mjamzito aliyegonga kuta kwa vidole
kama daktari anayegonga kifua, akisikiliza.
Mtu aliyefungua friji, akaifunga, akaifungua tena.

Na mama.
Tulikubaliana asije.
Akaja na basi la saa saba kutoka makao ya wazee,
koti limekosewa vifungo,
akavua viatu, akapanga foleni na wageni,
akachukua karatasi ya bei
akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.
"Pazuri," alimwambia Bi Kaarina.
"Waliokaa hapa walikuwa wasafi sana."

Sikujua kama anatania.
Sirpa aliyatazama malimau.

Akaenda moja kwa moja kwenye ule mlango,
akaupandishia goti,
akaubembeleza, akausukuma.

Ukaruka, ukagonga ukuta,
nyumba nzima ikageuka.
Mama alibaki na goti hewani,
mkono wake bado umejiandaa
kwa uzito ambao haukuwepo.

"Nani," akauliza,
"nani kaharibu mlango?"