Kohozi la Livio

Trieste kuna upepo wenye jina.
Bora, wanauita, ingawa wanaougua hawajauona ubora wake.
Ukivuma, manispaa hufunga kamba kando ya barabara
ili vikongwe washike wasipeperushwe.
Huku juu, ghorofa ya tatu, nakaa na watu
ambao katika upepo wote huo
hawapati hata wa kuzimia mshumaa.

Kazi yangu si ya kusimulia mezani.
Watu huja, huvuta mvuke wa chumvi,
hukohoa, hutema kikoponi,
huniomba radhi.
Usione haya, nawaambia.
Unachokitupa ndicho ninachokisaka.

Kwa miaka tuliandika neno moja: pumu.
Dawa zikigonga ukuta, tukaongeza: kali.
Tulikuwa kama fundi viatu
anayeshonea mji mzima saizi arobaini
kisha anawalaumu wenye vidole.

Siku hizi tunauliza kwanza.
Ilianza lini? Utotoni, paka akipita?
Au ukubwani, mafua yalipokataa kuondoka?
Pampu unaivutaje? Nionyeshe.

Bibi Ondina alinionyesha:
miaka tisa aliipulizia ulimi,
akaimeza dawa kama mate.
Hakuwa na pumu kali,
alikuwa na pampu ambayo hakuna aliyemfundisha.
Alicheka hadi akakohoa, kisha akalia kidogo.

Zdenko, mchomea vyuma wa gati la zamani:
kioo chake kilijaa neutrofili,
chembe za moshi na vita vya vijidudu.
Steroidi na chembe hizo
zilipishana bila salamu.

Fedora: kioo karibu kitupu.
Chembe chache, usingizi mchache,
na uzito uliopanda kwa vidonge vile vile
tulivyompa vimponye.
Mbele ya kioo chake nilikaa kuliko vyote.
Utupu nao ni jibu,
lakini nani hupenda kulipeleka?

Kisha wewe, Livio Bressan, mwonja kahawa.
Miaka ishirini ulinusa magunia bandarini,
ukaijua iliyolowa njiani
na iliyoanuliwa kabla ya kukauka.
Ulipotimiza hamsini
vinyama vikaota puani kama zabibu,
harufu ikaondoka bila kuaga.
Aspirini moja ya kichwa,
ukazindukia kwenye mashine.
Wakakuambia ni vumbi la magunia.
Wakakuambia ni wasiwasi.
Mkeo alininong'oneza ngazini:
"Anainywa kahawa kama maji ya moto."

Nilipaka rangi, nikasubiri, nikainamia hadubini.
Waridi. Waridi kila mahali.
Nilihesabu chembe mia nne,
zaidi ya nusu zilikuwa hizo, eosinofili,
askari wa minyoo wasiowahi kumwona mnyoo,
waliokaa bure kambini
hadi wakaanza kuibomoa kambi.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale;
chako kilishavua viatu
kikajilaza mapafuni.

Sikupiga kelele. Niliandika namba.
Daktari Nives aliisoma, akavua miwani.
"Huyu ana sindano yake," akasema,
akaisoma tena.

Miezi mitano. Siku uliyorudi bora ulivuma,
kamba zilikuwa zimefungwa huko chini,
nawe ulipanda ngazi, hukungoja lifti.
Ulisimama mlangoni pangu, ukakunja pua.
"Chumba hiki," ukasema polepole,
kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili,
"kinanuka yai viza."

Kweli kinanuka. Ni dawa ya kuyeyushia makohozi.
Mimi nilishaizoea.

Nje, kwenye benchi, Fedora alikuwa amekaa
na koti lake mapajani,
akipumua kwa mabega.
Nilichukua kikopo kipya.
Nikaandika jina lake.