Forodha ya Nyumbani

Miaka kumi na tisa nilisimama Malaba
na fimbo ya chuma, ncha kama sindano ya gunia,
nikichoma mahindi, nikichoma maharagwe,
nikisikiliza kama ndani kuna kitu kitakachojibu.
Dereva alicheka. Nikacheka naye. Nikachoma.

Sasa nimestaafu, niko Tororo,
upande ule vumbi la saruji linakotua kwenye migomba.
Mezani kuna kompyuta ya mtumba
niliyoifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe,
kana kwamba adui yake ni vumbi.

Kila asubuhi iliniuliza kwa adabu:
Nisasishe sasa, au nikukumbushe kesho?
Kesho. Data ni ghali.
Kesho. Uji unafurika.
Kesho, kesho,
mpaka kesho zangu zikapanga foleni
kama malori ya mafuta, hadi ng'ambo ya mto.

Usipoziba ufa — naijua, naijua,
nimewasomea methali hiyo askari wapya gwarideni.
Lakini ufa wa ukuta hupitisha baridi,
shingo ikakwambia.
Huu haukuwa na upepo.

Oketcho wangu tulimzika Jumamosi.
Ratiba ya mazishi niliipiga chapa mwenyewe,
nikaitia kwenye flashi, flashi nikaifunga pindoni mwa leso,
nikaipeleka kwenye kibanda cha kuchapisha, karibu na soko,
ambako kila mwenye msiba na kila mwenye mtihani
huchomeka yake kwenye tundu lile lile.
Ikarudi nyumbani pindoni mwa leso ile ile.
Nikaichomeka bila swali hata moja.
Mimi. Mwenye fimbo.

Jumatatu nikatafuta picha za harusi ya Nyadoi:
jina lipo, harusi haipo.
Kila faili limekuwa njia ya mkato
isiyofika popote.

Opendi, yule kijana wa kufufua simu, akaja na skrubu mdomoni.
"Mama, picha hazijafa, zimefichwa tu. Huyu ni mnyoo.
Mnyoo hana haraka. Anajinakili, anasubiri mkono.
Flashi hii umempa nani?"

Nani?
Katekista Emojong, anakili nyimbo za ibada.
Shemeji wa Nagongera, achukue picha za marehemu.
Mwalimu Obbo, mwenye kompyuta ya shule nzima.

Basi magendo nimeyapitisha mimi,
kwa mkono huu, huku wakinipa pole.

Nikawapigia mmoja mmoja.
Usichomeke. Tafadhali, usichomeke.
Katekista akadhani huzuni imenipanda kichwani.
Shemeji akaahidi kuisafisha kwa spiriti.
Mwalimu Obbo alinyamaza muda mrefu, nikasikia watoto nyuma yake,
kisha akasema taratibu: "Nimeshachomeka, mama. Alfajiri."

Usiku data hushuka bei.
Saa sita na nusu nimekaa na blanketi magotini,
natazama viraka vikishuka kutoka mbali,
asilimia kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili,
kumi na tatu.
Mtu anashona nguo yangu nchi nisiyoijua
na mimi nimeivaa imechanika tangu mwaka jana.
Opendi ameweka mlinzi mpya; kila kitu anakinusa,
hata barua ya benki, hata salamu za binti yangu.
Nampenda. Hachekewi.

Limebaki moja. Nywila.
Nilitumia jina lake na mwaka aliozaliwa.
Jina lake na mwaka aliozaliwa
nimeuchapisha kwenye jalada, nakala mia mbili,
nikazigawa mlangoni pa kanisa
kwa mikono miwili.

Ninafuta herufi moja moja.
O inabaki peke yake kidogo, inapepesa.
Kisha nayo.

Mpya ni ndefu, ina alama na tarakimu,
na haina mtu ndani yake.
Siiandiki hapa.