Thelathini na Tatu

Walifika na boksi la matundu kutoka Kasumbalesa,
vifaranga mia mbili, umri wao siku moja,
na karatasi yenye mhuri: nyuzi thelathini na tatu.
Si thelathini. Si thelathini na sita.

Huku Katuba, mwezi wa sita, alfajiri ina meno.
Wageni hudhani Kongo yote ni jasho;
waje walale kwetu chini ya mabati,
wanawe uso kwa maji yaliyolala ndooni.

Nimekiziba chumba cha Ngoie, aliyehamia Ndola:
magunia ukutani, plastiki darini,
maranda ya mbao sakafuni, mbabula mbili kona kwa kona,
na balbu moja ya kujipa moyo,
maana umeme wetu huja bila hodi, huondoka bila kuaga.
Dirisha nimeliacha wazi upana wa vidole viwili.
Makala yana sumu isiyo na harufu,
nami sikuwanunua niwazike.

Kipimajoto kinaning'inia usawa wa migongo yao,
si usawa wa macho yangu.
Hilo nililijua baada ya kuokota kumi na wanne.
Lakini kwanza nasikiliza, ndipo nisome.
Wakilia kwa pamoja, wamerundikana, ni baridi.
Wakikimbilia kuta, midomo wazi,
mabawa yameachana na mbavu, nimewapika.
Wakitawanyika kama mtama uliomwagika,
huyu anakunywa, yule kalala ubavu
kama maiti na si maiti,
na sauti yao ni mnong'ono wa uji unaokaribia kuiva,
basi, narudi nyuma, nafunga mlango.

Kalenga wangu anakicheka kipimajoto.
Miaka ishirini na saba mbele ya tanuru la shaba
aliusoma moto kwa rangi tu:
"Ukiwa kama ganda la chungwa, ngoja.
Ukiwa kama kiini cha yai, mwaga."
Siku hizo alirudi na joto limekaa ndani ya koti;
usiku nililala naye nikatupa shuka.
Kiwanda kikamlipa baiskeli na kikohozi.
Sasa damu yake haishiki moto.

Usiku wa tatu, saa tisa, naingia kuongeza makala,
namkuta juu ya debe, blanketi kichwani,
kifaranga kimoja kiganjani.
"Umeingia saa ngapi?"
"Saa sita."
"Mlango umeufungua mara ngapi?"
"Mara moja tu, mama. Upesi."
Nainama, nasoma: thelathini na tatu na nusu.
Hiyo nusu ni yake.

Karatasi inasema, kila juma punguza nyuzi tatu.
Thelathini. Ishirini na saba.
Manyoya yanachomoza, machafu, hayana adabu,
shingo zinarefuka, wanaanza kudonoana.
Hivyo ndivyo mtu anavyozoeshwa dunia, kwa kunyimwa kidogo kidogo.
Ngoie naye nilimpunguzia vivyo hivyo:
kwanza titi, halafu mgongo, halafu kitanda,
mwisho nikampa nauli.
Tangu hapo hupiga simu Jumapili.

Juma la nne nikazima mbabula moja.
Kalenga akanitazama toka kwenye debe lake.
"Mbona unatuua?"
Alisema *unatuua*.
Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama.
Akavuta blanketi hadi masikioni,
na kuku, kuku wakubwa sasa, wasiomhitaji,
wakapita juu ya miguu yake kwenda kwenye maji.

Juma la sita wanunuzi walikuja na matenga.
Nilihesabu hela mara mbili, nikafagia maranda.
Chumba kikapoa kwa saa moja,
kama sufuria iliyoepuliwa.

Dereva anasema boksi jingine litafika Jumatano.
Nimemwambia Kalenga. Yuko uani juani,
juani saa nne asubuhi, na koti.
Akauliza, "Tutaanzia nyuzi ngapi?"
Ingawa anajua.