Mabegani

Sweta ya Sigvør imebaki mabega.
Vitanzi thelathini na viwili mbele,
thelathini na viwili nyuma,
vinatazamana sindanoni
kama majirani wasiosalimiana.

Naweza kuviunga kwa sindano ya kushonea,
kitanzi kwa kitanzi,
hadi pasionekane palipokutana.
Mama alipenda hivyo. Mshono ukionekana,
alisema, ni uvivu umevaa nguo.

Lakini Sigvør ni tarishi wa posta hapa Sandoy,
mkoba bega la kushoto, mvua ikimpiga ubavuni,
na bega lisilo na mshono
litavutika hadi kiwikoni kabla ya Pasaka.

Tena hatujasemezana
tangu tugawane kondoo wa baba.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Huku ni mawe matupu;
nimechukua sindano tatu.

Nafunga pande mbili kwa pamoja.
Ukingo unatokea, mnene kama kamba ya kiatu.
Nauweka nje, usimkwaruze.
Auone. Auguse kwa kidole akipanga barua.

Uzi uliobaki sijaukata.
Nimeuficha ndani, shibiri nzima,
akitaka kufumua.