Mlio wa Upande wa Kushoto

Kwenye mazishi ya mwalimu Eshikuri, pale Ebusiratsi,
mchungaji alipoinua mkono ili tunyamaze,
pikapu yangu iliingia langoni ikilia kiii-kwe, kiii-kwe,
na watu mia tatu wakageuza shingo
kutazama ni nani anayemcheka marehemu.

Nilitamani kujificha chini ya viti vyangu mwenyewe.

Jumanne nikaipeleka Luanda, nyuma ya soko, kwa Andanje.
Hakuniuliza neno. Alipiga jeki,
akalishika gurudumu juu na chini
kama daktari anayeshika taya,
akalitikisa.
Tuk.
Akanitazama.
Tuk, tuk.
"Mama Viti," akasema, "hili si gurudumu,
hili ni jino la mtoto wa darasa la pili."

Boli jointi imekula kikombe chake.
Bushi za mkono wa chini zimepasuka kama visigino vya kiangazi.
Shokomzoba inatoka jasho jeusi.
Miaka kumi na sita ya mahema na vyuma vya mahema,
viti mia mbili vya plastiki, sufuria za kukodisha,
kupanda Esibuye, kushuka Kima, mvua, mawe,
na mimi kazi yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio.

Kageha, mwanagenzi wake, alilala chini juu ya katoni,
vikabaki viatu tu nje.
Nati kubwa haikutaka. Kutu ilikuwa imeioa kitambo.
Wakaimwagia mafuta ya taa, wakanywa chai, wakaingoja.
Haikutaka.
Msichana akaivika spana bomba refu kama mkono,
akapanda juu yake, akaruka mara moja,
ikatoa sauti ya mfupa.
"Haya," Andanje akasema polepole, "sasa imekubali."

Spea mpya, sanduku lake limeandikwa Japani
kwa herufi zilizokosewa.
Ya mtumba ilichomolewa kwenye gari lililobingirika Daraja Mbili.
Sikuamini hata moja. Nikalipia ile mpya, elfu tatu na mia tano,
nikiihesabu kwa viti, shilingi kumi kila kiti:
misiba miwili, kasoro viti hamsini.

Bushi ziliingia kwa povu la sabuni.
Kageha akizungusha mkono wa jiliwa, ulimi nje,
robo kwa robo, mpira ukinung'unika mpaka ukakaa.
Nilipomwuliza mbona nati bado zimelegea,
alijibu bila kuniangalia:
"Hukazi gari likiwa hewani. Litue kwanza,
lijue uzito wake, ndipo ukaze.
Ukiwahi, mpira utaishi umejipinda."
Nikamkumbuka kifungua mimba wangu.
Sikusema kitu. Nikampa soda.

Jumamosi, Emuhaya, msiba mwingine.
Niliingia bomani taratibu, usukani mwepesi mkononi
kama kifuniko cha chungu.
Moshi wa jikoni, kuku, karatasi ya waridi ikipepea getini.
Hakuna aliyegeuka. Hata mbwa.

Nilikuwa nimeshashusha viti arubaini
Rasoa alipotoka jikoni, mjane wa siku nne,
mikono imejaa unga hadi viwikoni.
"Umefika saa ngapi?
Tangu alfajiri nimetega sikio nikingoja kile kilio chako.
Wakilia wengine wote mimi husikia kelele.
Kile kikilia hujua viti vimekuja, watu watakaa,
mambo yatakwenda. Nilidhani hata wewe umenikimbia."

Nikasema, "Nimetengeneza gari."
Akasema, "Ndiyo, naona."
Tukabaki hivyo, kiti kimoja katikati yetu,
hakuna aliyekikalia.

Boli jointi kuukuu iko dirishani kwangu,
inakandamiza risiti zisipeperuke.
Ukiisukuma kwa kidole bado inasema tuk.

Upande wa kulia, Andanje anasema,
unaweza kungoja hadi Desemba.