Safu Isiyokuwamo

Mtafiti kaja Wete na kikokotoo chake.
Kipimo kimoja cha homa ya ini, shilingi ngapi?
Nikamwambia. Mfuko mtupu? Nikamwambia.
Dizeli ya jenereta nikaiongeza mwenyewe,
maana umeme wa hapa una adabu ya mgeni:
huja, hukaa kidogo, huaga.

Akaandika safu kwa safu,
chini akapiga mstari:
kumwepusha mgonjwa mmoja
ni bei ya ng'ombe, tena si mnono.
"Rahisi," akasema.

Sikubisha.

Lakini Jumanne ile alikuja Faki Shaame,
fundi baiskeli wa Kinyasini, grisi kwenye kucha.
Mkewe Mize yu wodini, kajifungua alfajiri,
damu haijui kukoma.
"Nitoe yote," akasema, "usibakishe."
Nikatoa mfuko mmoja.

Dakika ishirini. Kijistari cha kwanza.
Kisha cha pili, chembamba
kama unywele wa kitoto,
wala hakikuona haya.

Mfuko ukaenda tanurini.
Mize akaongezwa damu ya mtu asiyemjua,
mwalimu wa chuoni aliyetoa Ijumaa
akaondoka hata chai hakunywa.
Rangi ikamrudi midomoni.

Na Faki bado yuko kwenye benchi,
pamba kaibana kwa kidole,
ananitazama mlangoni:
"Vipi, imemfaa?"

Hesabu yako sahihi, bwana mtafiti.
Nimeirudia mara mbili.
Nionyeshe tu safu ipi
niziandike hatua kumi na nne
kutoka maabara hadi benchi lile.